Tezi au Omo? Uhakiki wa Uskani wa Namba za Mashua katika Programu Iliyoundwa kwa Akili Unde

Msanifu anapoiagiza akili unde iongeze katika programu ya wavuti uwezo wa kuskani “namba ya mashua”, kosa huingia kabla kamera haijafunguliwa. Nchini Marekani mashua ya starehe huwa na namba mbili. Ya usajili huandikwa pande zote mbili za omo; ya bodi, inayowekwa na mtengenezaji, hukaa tezini upande wa kulia. Hii ya pili, iliyoanza kuwa lazima mwaka 1972, ina alama 12: 3 za mtengenezaji, 5 za mfululizo, 4 za tarehe.

Herufi I, O na Q zimezuiwa katika mfululizo zisichanganywe na 1 na 0. Ni tahadhari njema, lakini haitoshi. Namba ya gari ya Amerika Kaskazini, yenye alama 17, hubeba katika nafasi ya 9 alama ya kuhakiki. Usomaji ukikosea, hesabu hukataa. Namba ya bodi haina kinga hiyo. Tarakimu 5 ikisomwa S, umbo hubaki halali, na huenda mashua iliyoibwa ikapita bila kutambuliwa. Kwa hiyo programu inayohifadhi matokeo papo hapo, bila mtumiaji kulinganisha picha na maandishi, ina kasoro ya usanifu, hata ikiwa kamera ni bora.

Maelekezo ya Kiswahili yanayosema tu “piga picha ya namba” huzidisha kasoro hiyo, ilhali mabaharia wa pwani (na kamusi) wanayo tezi na omo tangu zamani.