Vitabu vya Kweli: Nani Anasimulia, Nani Amenyamazishwa?

Mwulize mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza akutajie vitabu vitano vya Kiswahili alivyowahi kusoma. Atataja riwaya mbili, tamthilia mbili na diwani moja. Ukiondoa vitabu vya sarufi, hatataja hata kimoja kisicho cha kubuni. Kosa si lake, kwani ndivyo tulivyomfundisha. Tumemzoesha kuamini kwamba fasihi ya Kiswahili ni hadithi, na kwamba habari za kweli husomwa kwa Kifaransa. Katika makala haya nakusudia kujadili vitabu vitatu vya kweli ambavyo nimevisoma na kuvirudia kwa miaka mingi, na ambavyo vimo katika rafu ya nyumbani kwangu hapa Kigobe.

Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mfanyabiashara huyu maarufu wa pembe na watumwa, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliandika habari zake mwenyewe kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliziweka katika hati za Kirumi na kuzichapisha Berlin mnamo 1902 na 1903. Kwa upande wa lugha, kitabu hiki ni hazina. Sentensi ni fupi, mazungumzo ni mengi, na mwandishi hapambi. Anaanza na kijana wa miaka 12 anayefanya biashara ya sandarusi, na muda si muda tumevuka Ziwa Tanganyika tunapima pembe kwa frasila.

Sehemu inayonishangaza kila nisomapo ni ile ya Utetera. Tippu Tip alikuwa amesikia habari za wanawake wa ukoo wa mtawala waliotekwa zamani. Akajidai kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao, na mzee Kasongo akamkabidhi utawala. Uongo huo anausimulia mwenyewe, bila kujificha wala kujuta. Hapo msomaji anapata somo kubwa: msimulizi anaweza kuwa mkweli kabisa katika kueleza jinsi alivyowadanganya wengine.

Nilipokifundisha kitabu hiki, mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Buyenzi, aliinua mkono. "Mwalimu," akasema, "babu wa babu yangu alitolewa Umanyema akiwa amefungwa kamba. Leo unaniambia nimsome aliyemfunga?" Darasa lilinyamaza. Nilimjibu kwamba kitabu ni mfano bora wa nathari ya karne ya 19. Lilikuwa jibu la kukwepa, naye alilijua hivyo. Wiki iliyofuata nilimwomba radhi, kisha nikawapa wote kazi: wachore safu mbili, moja ya watu waliotajwa kwa majina, nyingine ya watu waliotajwa kwa idadi tu. Safu ya kwanza ilijaa watawala na wafanyabiashara. Ya pili ilijaa wapagazi na mateka. Mwanafunzi yule alisoma majibu yake kwa sauti, akasema sasa ameona mahali babu yake alipo ndani ya kitabu. Tangu siku hiyo sijakifundisha bila safu hizo mbili.

Cha pili ni Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini, akauza vyungu mjini kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri wa taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na alifariki mwaka 1950. Mwandishi mkubwa wa Kiswahili kuandika kitabu kizima juu ya mwanamke wa tabaka la chini lilikuwa jambo la ujasiri, na lugha yake ni ya kukaririwa. Hata hivyo, nina lawama moja. Shaaban Robert ni mwalimu wa maadili kabla ya kuwa mwandishi wa habari za mtu. Kila tukio linazaa funzo, na sifa zinatangulia ushahidi. Tunajua tumheshimu Siti kwa sababu gani, lakini sauti yake mwenyewe, hasira yake na utani wake, tunaisikia kwa mbali. Tippu Tip aliwanyamazisha watu kwa kutowajali. Shaaban Robert anamfunika Siti kwa upendo. Mwanafunzi anapaswa kuzitambua hali zote mbili.

Cha tatu si kitabu kwa asili yake. Ni maandishi yaliyopigwa kwa taipureta mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa majumbani mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Yanaeleza historia ya mji huo kwa macho ya maboyi waliowapikia na kuwafulia Wabelgiji. Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990, na yanapatikana pia kwenye intaneti. Kiswahili chake ni cha Katanga. Tahajia haitabiriki, na maneno yamekatwa na kuunganishwa ovyo, hata Fabian alihitaji msaada wa Kalundi Mango kuyasoma kwa sauti ili yaeleweke. Mwalimu wa sarufi angemaliza wino mwekundu katika ukurasa wa kwanza. Lakini hapa, kati ya vitabu vyote vitatu, ndipo wale wa safu ya pili wanaposhika kalamu wenyewe. Yav hakungoja kujua Kiswahili sanifu ndipo aseme kweli. Angengoja, tusingekuwa na neno lake hata moja.

Nalisema hili kwa sababu wanafunzi wetu wengi huja na Kiswahili cha Buyenzi na Bwiza, na jambo la kwanza tunalowafundisha ni kukionea haya. Kiswahili sanifu tukifundishe, tena vizuri, maana tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 haja yake imeongezeka. Ila tusimfanye kijana aamini kwamba nyanya yake hana historia kwa kuwa hana upatanisho wa ngeli.

Katika nchi yetu kila nyumba ina masimulizi ya mwaka 1972 na ya 1993, na yanayosemwa katika nyumba moja hayasemwi katika nyumba ya jirani. Anayejua kusoma riwaya tu ataona masimulizi hayo ni ama kweli tupu ama uongo mtupu. Aliyezoea vitabu kama hivi atauliza: nani anasimulia, alisimama wapi, na nani ametajwa kwa idadi tu?

Napendekeza basi kwamba katika kila kozi yetu ya fasihi kitabu kimoja kisiwe cha kubuni, na kila mwanafunzi aandike kurasa mbili za maisha ya mzee wa mtaani kwake, kwa maneno ya mzee mwenyewe. Wenzangu wenye maoni tofauti nawakaribisha wayalete katika toleo lijalo.