Nani Alimkanyaga Nani?

Kiswahili cha mpira kinachosemwa kwenye vibanda umiza vya Daraja Mbili ni kitamu, na mimi ni mmoja wa wanaokifaidi. Jumamosi ya Ligi Kuu ya England utasikia beki "kapelekwa sokoni", kipa "kalala yoo", na chalii wa benchi la nyuma analia mkeka wake umechanika. Katika lugha hiyo, hata hivyo, kuna neno moja tunaloliachia mno: kukanyagana.

Sikiliza kwanza tunavyoongea mchezaji akipatwa na janga. Machi 17, 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyeichezea Bolton, alianguka White Hart Lane na moyo wake ukasimama kwa dakika 78. Akapona. Christian Eriksen akaanguka Copenhagen Juni 12, 2021, naye akapona. Visa hivi vikitajwa kibandani, maswali huja yenyewe: daktari alifika baada ya muda gani? Mashine ya kuushtua moyo ilikuwapo? Akitajwa Ismail Mrisho Khalfan, kijana wa Mbao FC aliyeanguka na kufariki katika mechi ya vijana Bukoba, Desemba 2016, swali linarudi nyumbani: huku kwetu, pembeni ya uwanja huwa kuna nini? Hata jamaa anayebishia ofsaidi kwa matusi huuliza hilo kwa utulivu. Mchezaji akianguka, tunatafuta chanzo.

Akifa shabiki, lugha inageuka. Mei 28, 2023, kabla ya mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger, watu walisongamana kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mmoja alifariki, 30 wakajeruhiwa. Tukasema: "Mashabiki wamekanyagana." Itazame sarufi yake. Ni "-ana" ileile ya kupigana na kupendana: kila mmoja ni mtenda na mtendwa. Sentensi imetimia bila kutaja mlango, tiketi, askari, wala aliyepanga muda wa kufungua. Marehemu mwenyewe anabaki ndani ya kitenzi, mmoja wa wakanyagaji. Ukiongeza na neno "vurugu", faili limefungwa.

Kuna watu walioishi miaka mingi chini ya maneno ya namna hiyo. Aprili 15, 1989, mashabiki wa Liverpool walikwenda Hillsborough, Sheffield, kwa nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Nottingham Forest. Kamanda wa polisi alidai kwamba mashabiki walivunja lango. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeamuru lifunguliwe, na watu wakamiminika kwenye vizimba vya katikati vilivyokwisha kujaa. Wengi walibanwa hadi wakakosa pumzi. Gazeti la The Sun likawapaka matope wahanga, na mpaka leo wengi jijini Liverpool hawalinunui. Familia zilipambana miaka 27 hadi uchunguzi wa mahakama wa 2016 ulipotamka kwamba ndugu zao waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuchangia. Mhanga wa 97 alifariki 2021 kwa majeraha ya siku ileile, naye akahesabiwa.

Hiyo 97 ipo kisogoni kwenye jezi ya Liverpool, katikati ya ndimi mbili za moto, na chalii wa Daraja Mbili anaivaa hata kama jezi ni feki. Wapo wanaoweza kukusimulia maana yake vizuri kabisa. Lakini waulize kuhusu ile fainali ya Yanga. Watakutajia bao la Fiston Mayele, penalti ya Djuma Shabani kule Algiers, na kombe lililopotea kwa sheria ya bao la ugenini. Aliyekufa akiifuata mechi hiyo hana namba kisogoni mwa yeyote.

Mtu atanijibu: "Aisee, watu si hukanyagana kweli?" Hukanyagana, ndiyo. Ila mguu ndio wa mwisho kufika. Kabla yake kuna lango lililochelewa kufunguliwa, njia iliyobanwa, tiketi zilizozidi nafasi, au amri ya mtu mmoja.

Arusha inajengewa uwanja wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na mabishano ya nani atacheza hapa yameshaanza. Kabla hatujafika kwenye milango yake, napendekeza tuzoee kusema "walibanwa". Ni kitenzi kisichotulia peke yake. Ukikitamka kibandani, lazima mtu mmoja akuulize: walibanwa na nini, na nani alikuwa na ufunguo?