Mgema, Mjenzi na Sura ya Nchi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imesemwa juu ya kinywaji, lakini yafaa pia kwa majumba. Mjenzi asifiwaye kwa kila alisimamishalo hupunguza kazi yake asijue. Kwa hiyo nyumba, kama shairi, yastahili kuhakikiwa: isifiwe kwa haki na ilaumiwe kwa sababu. Katika insha hii tutapima aina moja tu ya nyumba, nayo ni ile ijengwayo ili mgeni apumzike, ale na anywe, na wakati huo huo aijue nchi aliyoifikia.

Nyumba za namna hii zimefikiriwa sana na wakulima wa mizabibu. Wao husema kwamba ladha ya divai hutokana na udongo, jua na upepo wa mahali ilipozaliwa. Basi mgeni aionjaye hana budi kuyaona hayo pia. Tuchukue mifano miwili. Huko Laguardia, Hispania, msanifu Santiago Calatrava alijenga nyumba ya divai ya Ysios, iliyofunguliwa mwaka 2001. Paa lake limepinda kama mawimbi ili lifanane na milima iliyo nyuma yake. Sifa zake zilienea mbali. Lakini kufikia mwaka 2013 wenye nyumba walikuwa wakilalamika mahakamani kwamba paa hilo linavuja. Huko California, Marekani, wasanifu Herzog na de Meuron walimaliza nyumba ya Dominus mwaka 1998. Kuta zake ni mawe ya volkano ya jirani, yaliyopangwa bila saruji ndani ya matundu ya waya. Mawe hayo huzuia joto la mchana na baridi ya usiku, na nuru hupenya katikati yake kama ipenyavyo katika majani ya mti.

Tazama tofauti. Nyumba ya kwanza inaiga mlima. Ya pili inaupa mlima kazi. Kuiga sura ya nchi ni jambo la macho, na macho huchoka upesi. Kuishirikisha nchi katika kazi ya nyumba ni jambo la akili, na faida yake hudumu.

Sasa turudi kwetu. Mkomani iko bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya maji yaliyovukwa kwa daraja la kuelea tangu mwaka 1931, na kwa daraja la saruji tangu mwaka 1980. Hapa hapana mizabibu. Zabibu za Afrika ya Mashariki hustawi Dodoma. Mti wetu wa kinywaji ni mnazi. Mgema huukwea, hukata ncha ya ua lake kabla halijafunguka, akatundika kibuyu chini yake. Utomvu utokao ni mtamu; baada ya saa chache huanza kuchacha, na ukiachwa siku kadha huwa siki. Siandiki haya ili kukisifu kileo, ambacho dini ya wengi wa wakazi wa pwani inakikataza. Naandika kwa kuwa mti huo huo hutoa nazi, kamba na makuti, na kivuli chake ndicho nyumba ya kwanza ya mgeni.

Zaidi ya mnazi, nchi hii inampa mjenzi jiwe la matumbawe, chokaa, na pepo mbili ziendazo kwa zamu, kaskazi na kusi. Wazee wa Mji wa Kale, uonekanao ng'ambo ya bandari, walivijua vitu hivi. Walijenga kuta nene zisizopitisha joto, wakaweka daka mlangoni na baraza ya kukalia. Baraza ni fikira kubwa kuliko umbo lake. Mtu aketiye barazani hayumo ndani wala hayuko nje. Anapata kivuli cha nyumba bila ya kunyimwa upepo wala salamu za wapitao.

Kwa kipimo hicho, tuutazame mkahawa wa Tamarind, uliojengwa upande wa Nyali katika miaka ya 1970, juu ya genge linaloelekea bandari ya kale. Mahali pake pamechaguliwa kwa busara. Mgeni huketi penye hewa, akauona mji mkongwe juu ya maji, akala samaki wa bahari ile ile aitazamayo. Hilo lastahili sifa. Lakini matao yake yanafuata mtindo wa Maghrib, nchi iliyo mbali na pwani hii. Mlango wa kwetu, daka na baraza vingemweleza mgeni habari iliyo kweli zaidi.

Yapo makosa makubwa kuliko hayo. Pwani yetu inazidi kujaa majumba marefu ya vioo, ambavyo hukaribisha jua na kuufukuza upepo, kisha mashine za umeme zikatafutwa kuuleta ubaridi. Tena huzungushiwa kuta ndefu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeihesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Lakini haki isiyo na njia ya kuifikia ni kama nazi isiyo na wa kuikwea. Nyumba inayomfunulia mgeni bahari na kumfichia mtoto wa jirani haikuunganisha watu na nchi, imeigawa nchi.

Huenda mtu akasema kwamba makuti hushika moto upesi, na kwamba mikoko ya boriti yapasa kuhifadhiwa. Asema kweli. Wala sitaki tunakili nyumba za wazee jiwe kwa jiwe, kwani huko nako kungekuwa kuiga. Nataka tuulize yale waliyouliza wao. Je, upepo wapita wapi? Kivuli chaanguka wapi saa nane za mchana? Na apitaye njiani amebakiziwa nini?

Msomaji kijana, siku moja utasimama mbele ya nyumba inayosifiwa na kila mtu. Usikubali wala usikatae upesi. Izunguke, iulize maswali hayo matatu, kisha useme uonavyo kwa adabu. Mgema aambiwaye kweli hana sababu ya kulitia tembo maji.