Sifa za Mtunga Kamusi

Neno la Kiingereza "nice" hulijua hata mtoto wa chekechea. Keki ni "nice", gauni ni "nice", mgeni aliyewaamkia wazee kwa adabu naye ni "nice". Kumbe chimbuko lake ni "nescius" la Kilatini, yaani asiyejua kitu. Lilipitia Kifaransa cha kale, na katika Kiingereza cha karne ya 14 kumwita mtu hivyo kulikuwa kumtukana: mpumbavu huyo. Baadaye likamfaa mpenda anasa, kisha mwenye haya nyingi, kisha mchaguzi asiyeridhika na chakula wala nguo, kisha jambo linalotaka jicho kali kulipambanua. Uzuri tunaousikia leo ulishika mizizi karne ya 18. Katika Northanger Abbey, riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817, Jane Austen ana mhusika anayewatania wanaolitumia kwa kila kitu.

Safari hiyo tunaijua kwa sababu wapo waliokaa kitako wakaifuatilia. James Murray, Mskoti, mtoto wa fundi cherehani, alikabidhiwa uhariri wa kamusi kubwa ya Oxford mwaka 1879. Akajenga kibanda cha mabati na kukijaza mashubaka. Watu wa kujitolea walisoma vitabu na kumpelekea vipande vya karatasi: neno juu pembeni, kisha mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa, na sentensi yenyewe. Vilifika kwa mamilioni.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Mhariri anavitandaza mezani, anavipanga kwa tarehe, anasoma, anatenga mafungu, kila fungu maana moja. Kipande kimoja cha kale kikifika, fungu zima linaweza kuvunjwa na kupangwa upya. Naipenda kazi hii kwa sababu fundi wake haanzi na maana kichwani akaitafutia mifano. Mifano ndiyo inayomfundisha maana. Anahitaji sikio zaidi ya ulimi. Na anahitaji kutunza makaratasi: vipande vya "bondmaid", yaani kijakazi, vilipotea, juzuu la kwanza likatoka bila neno hilo, nalo likasubiri nyongeza ya 1933.

Murray alifariki mwaka 1915, kamusi ikakamilika 1928. Herufi N ilimwangukia mhariri mwenzake, William Craigie, mzaliwa wa Dundee. Yeye ndiye aliyeshughulikia pia "silly", lililoshuka njia ambayo "nice" lilipanda: zamani lilikuwa la mwenye heri, aliyebarikiwa, leo ni la mjinga.

Kwenye "nice" alikutana na fumbo. Mwandishi wa karne ya 16 anamwita mtu hivyo; je, anamsifu kwa uangalifu au anamcheka kwa udekaji? Sentensi inakubali yote mawili. Ingekuwa rahisi kukipachika kila kipande kwenye fungu lililo karibu na kusonga mbele, maana kazi ilikuwa imechelewa miaka mingi na wachapishaji walikuwa wakihimiza. Lakini kamusi inasema waziwazi kwamba katika mifano mingi ya karne ya 16 na ya 17 ni vigumu kujua mwandishi alikusudia maana ipi. Ikaacha mifano yenyewe hapo, na tarehe zake, msomaji aipime.