Mlango wa Ubavuni: Kosa la Liemba

Kosa kubwa la meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika halimo katika mabati yake ya mwaka 1913, bali limo katika namna ya kuipanda. Ukarabati wa 1993, uliofadhiliwa na Denmark, uliongeza nafasi hadi abiria 600, lakini abiria wa vijijini wakaendelea kupokewa katikati ya maji kwa mlango wa ubavuni. Injini mpya za ukarabati huo zilikuwa uamuzi sahihi.

Kila aliyesafiri kati ya Kigoma na Mpulungu analijua tukio hilo: kwa kuwa vijiji vingi havina gati, meli ilikuwa ikisimama mbali na ufuo na boti za mbao zikiukimbilia ubavu wake. Chombo chenye urefu wa mita 71 hakitikiswi sana na mawimbi mafupi ya ziwa, ilhali boti hupanda na kushuka kwa kila wimbi, kwa hiyo kizingiti cha mlango huwa mara kifuani, mara magotini, na pengo lililo chini yake hufunguka na kujifunga. Ubavu ni laini, hauna cha kuishika boti, na boti za nyuma huisukuma ile ya mbele. Abiria wa boti wakiinuka pamoja, kitovu chake cha uzito, yaani nukta ambapo uzito wote wa boti huhesabiwa kukutana, hupanda na kuelemea upande ule ule wa pengo. Mzigo uliinuliwa kwa winchi, lakini mama mwenye mtoto mgongoni alitegemea mkono wa baharia. Hiyo ndiyo kasoro ya kale ya wakarabati wa maziwa haya, kuipima meli kwa idadi ya abiria na kusahau hatua moja ya kuingilia.

Denmark hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kujenga Vindeby, mwaka 1991, shamba la kwanza duniani la mitambo ya upepo baharini. Huko baharini hatua hiyo moja ina jibu lake: boti zinazopeleka mafundi kwenye mitambo ya aina hiyo, nyingi zikiwa katamarani, yaani boti zenye maungo mawili chini ya sitaha moja, kwa kawaida hutanguliza omo yenye dafrau nene la mpira, zikaiegemeza kwenye mabomba mawili ya wima yanayoilinda ngazi, kisha injini huendelea kusukuma ili msuguano wa mpira na chuma uizuie omo isipande wala kushuka. Dafrau likiteleza, fundi havuki.

Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, mafundi kutoka Papenburg, Ujerumani, walipoamriwa kuizamisha Liemba vitani Julai 1916, walizipaka injini grisi kwanza, wakimfikiria atakayeiopoa. Iliibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Waliokuja baadaye hawakumfikiria hata anayepanda.

Wasomaji wa Uvira hadi Lubarika wanakumbuka kwamba mwaka 1997 Liemba ilisaidia kurudisha wakimbizi zaidi ya 75,000, yenyewe ikifunga safari 22 kati ya Kigoma na Uvira; lakini hizo ni bandari zenye gati, vijiji vingi havina. Mhandisi atakayeikarabati tena, au atakayeunda nyingine ya ziwa hili, aipe jukwaa la kuvukia lenye dafrau kabla ya kuiongezea kitanda hata kimoja.