Mkia Ukatwe kwa Faida ya Nani? Uhakiki wa Hoja za Kukata Mbwa Mikia

Nilipokuwa kidato cha pili, jike la mbwa la mjomba wangu lilizaa watoto sita. Siku ya tatu alikuja mtu mmoja na wembe mpya, uzi na chupa ya spiriti. Kazi yangu ilikuwa kuwashika watoto wale, mmoja mmoja, wakati mikia yao ikikatwa. Nilimwuliza mjomba, ambaye kwa Kiganda tunamwita Kojja, kwa nini wakatwe. Akanijibu, "Mbwa mwenye mkia hana ukali, mwanangu. Shika vizuri." Nikashika.

Mwezi uliopita Kojja alinipigia simu. Binti wa jike yule ana mimba, nami nitakuwa nyumbani likizo. Alitaka kujua kama nitakuja kushika tena. Sikumjibu siku ile. Insha hii ni jibu langu. Sitaki kuwalilia mbwa tu. Nataka kuzipima hoja za pande zote mbili, kwa maana hoja mbaya inaweza kutetea jambo zuri, na hoja nzuri inaweza kutumiwa mahali pasipo pake.

Nitautazama mjadala huu hasa Uingereza, kwa sababu mbili. Kwanza, mbwa wa aina ya Rottweiler, Doberman na Boxer, ambao wengine kwetu Kampala hufugwa kwa ulinzi, walitoka Ulaya, na desturi ya kuwakata mikia ni ya huko pia. Pili, Waingereza wamebishana juu ya jambo hili hadi bungeni, na madai yao yamepimwa kwa takwimu. Tangu Julai 1993 daktari wa mifugo peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukata mkia wa mbwa nchini humo. Kisha ikaja Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika mwaka 2007. Sheria hiyo ilipiga marufuku ukataji huo Uingereza na Wales, isipokuwa kwa matibabu au kwa mbwa wa kazi, kama vile wa polisi, wa jeshi, wa uokoaji na wa uwindaji. Hao hukatwa na daktari wakiwa hawajazidi siku 5. Uskoti ilikuwa kali zaidi: mwaka 2007 ilikataza kabisa, bila kuwaachia hata mbwa wa kazi. Lakini mwaka 2017 bunge la Uskoti lililegeza msimamo kwa baadhi ya mbwa wa uwindaji. Kwa nini nchi iliyokwisha kukataza ikageuka? Nitalirudia swali hilo.

Hoja ya kwanza ya watetezi ni ya desturi: mbwa hawa wamekatwa tangu zamani. Ni kweli. Columella, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza aliyeandika juu ya kilimo, alishauri mtoto wa mbwa akatwe ncha ya mkia siku ya 40 baada ya kuzaliwa, tena kwa meno, ili asipatwe na kichaa cha mbwa. Leo tunajua kwamba ugonjwa huo huletwa na virusi, huambukizwa hasa kwa kuumwa, na huzuiwa kwa chanjo. Mkia hauhusiki. Hata hivyo sababu ilikufa na tendo likabaki. Kojja hajamsoma Columella, lakini amerithi tendo hilohilo na kulipa sababu nyingine, yaani ukali. Desturi inapobadilisha sababu kila zama huku kisu kikibaki kilekile, mhakiki ana haki ya kushuku kwamba sababu hutafutwa baada ya kisu. Hoja hii inatueleza tendo lilikotoka. Haituelezi kwa nini liendelee.

Hoja ya pili ni ya sura. Wanaoipenda husema kwamba Boxer mwenye mkia mrefu si Boxer kamili. Hoja hii ina unyofu fulani, kwa sababu msemaji anakiri kwamba anatafuta uzuri machoni pake mwenyewe. Lakini mwanasayansi mmoja wa jenetiki aliijibu kwa vitendo. Katika miaka ya 1990, Bruce Cattanach, Mwingereza ambaye pia alizalisha mbwa wa aina ya Boxer, alimpandisha Boxer kwa mbwa wa aina ya Corgi mwenye jeni ya mkia mfupi wa kuzaliwa. Baada ya kuwarudisha watoto kwenye ukoo wa Boxer kwa vizazi kadhaa, alipata Boxer waliozaliwa na mkia mfupi bila kuguswa na kisu. Njia hiyo nayo ina gharama, kwa kuwa mtoto anayerithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili hufa tumboni. Hata hivyo inaonyesha kwamba hata anayeupenda mkia mfupi hakulazimika kuukata. Tena jicho la mtu huzoea. Nchi nyingi za Ulaya zimekataza ukataji, na watu wa huko wanaendelea kufuga Boxer wenye mikia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo inastahili heshima. Watetezi husema kwamba mbwa wa uwindaji hupita katika vichaka vya miiba huku akitikisa mkia kwa nguvu, ncha ikachanika na kutoka damu, na jeraha likakataa kupona. Wahenga wetu wanasema tahadhari kabla ya hatari. Je, si afadhali kukata kidogo mapema kuliko kukata kingi baadaye?

Hapa pande zote mbili hurushiana takwimu, na hapa ndipo nilipoona udhaifu mkubwa wa mjadala mzima. Wapinzani hushika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010. Ulichunguza kumbukumbu za kliniki za mifugo zilizohusu mbwa zaidi ya 138,000, ukapata majeraha ya mkia 281, na kukadiria kiwango cha asilimia 0.23. Kwa hesabu hiyo, ingebidi mbwa wapatao 500 wakatwe mikia ili kumwepusha mmoja na jeraha. Watetezi nao hushika utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliochapishwa mwaka 2014. Huo uliwauliza wenye mbwa wa kazi huko Uskoti habari za mbwa 2,860. Katika msimu mmoja wa uwindaji, asilimia 13.5 waliumia mkia angalau mara moja. Kwa spanieli wasiokatwa kabisa, kiwango kilifika asilimia 56.6.

Msomaji anaweza kudhani kwamba mmoja wao anadanganya. Sivyo. Wanazungumza juu ya mbwa tofauti. Utafiti wa kwanza ulihesabu kila mbwa aliyefika kliniki, akiwemo anayelala sebuleni mchana kutwa. Wa pili ulihesabu mbwa wanaoingia vichakani, tena kwa maneno ya wenyewe. Vilevile, jeraha alilolitaja mwenye mbwa si lazima liwe lilipelekwa kwa daktari. Utafiti mwingine wa Glasgow wa mwaka huohuo, uliotumia kumbukumbu za kliniki za Uskoti, ulikadiria kwamba ingebidi spanieli wapatao 320 wakatwe wakiwa wachanga ili kumwepusha mmoja na kukatwa mkia ukubwani. Basi anayetumia asilimia 0.23 kumjibu mwindaji hajamjibu. Na anayetumia asilimia 56.6 kumtetea Rottweiler wa getini anaazima kidonda cha mbwa mwingine.

Uamuzi wa Uskoti wa mwaka 2017 unaeleweka katika mwanga huo. Bunge halikurudisha desturi yote. Liliruhusu spanieli na aina fulani za mbwa wa kusaka na kuokota ndege tu, na mkia usikatwe zaidi ya theluthi moja kutoka nchani. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo, lakini lazima akiri kwamba unafuata mantiki ya hoja yenyewe: jeraha liko nchani, na kisu kinabaki nchani. Sasa tuwatazame Rottweiler na Doberman, ambao hukatwa karibu na shina na kubakizwa kigutu. Kama nia ilikuwa kuilinda ncha, mbona mkia wote umekwenda? Kipimo cha kisu kinatoa siri ya mkataji.

Hoja ya nne ni ya maumivu. Watetezi husema kwamba mtoto wa siku tatu hana neva zilizokomaa, kwa hiyo hasikii. Mwaka 1996 watafiti wa Australia walichapisha walichokiona kwa watoto wa mbwa 50 waliokuwa wakikatwa mikia bila dawa ya ganzi. Wote walilia wakati wa kukatwa. Ni kweli kwamba kilio hakipimi uchungu wote, na wapinzani wengine hukosea wanapolitamka neno "ushenzi" na kuishia hapo, kana kwamba tusi ni ushahidi. Lakini anayetaka kukata ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba hakuna uchungu, wala si mtoto wa mbwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Watetezi wengine huuliza, "Mbona mnawahasi, na hamlii?" Ni swali la haki. Jibu ni kwamba daktari humhasi mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kuna manufaa yanayoweza kutajwa, kama kupunguza watoto wanaozaliwa na kutupwa. Wembe wa siku ya tatu haukuwa na dawa ya usingizi. Na manufaa yake, mkataji hupata tabu kuyataja.

Hoja ya mwisho inanigusa kama mwanafunzi wa lugha. Mkia ni sehemu ya usemi wa mbwa. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio walilofanya kwa roboti yenye umbo la mbwa, mara ikiwa na mkia mrefu, mara mfupi, na mara ukitikiswa, mara ukitulia. Mkia ulipokuwa mrefu, mbwa walioiona roboti walitofautisha: waliukaribia zaidi unaotikiswa kuliko uliotulia. Ulipokuwa mfupi, tofauti hiyo ilipotea. Wapinzani huvuka mpaka wanaposema kwamba jaribio hili linathibitisha kuwa mbwa waliokatwa hugombana zaidi. Halikupima ugomvi. Lilionyesha jambo dogo zaidi, nalo latosha: ujumbe uliosomeka kwa mbali haukusomeka tena. Sisi tunaojifunza Kiswahili darasani tunajua taabu ya kuwa na la kusema na kukosa namna ya kulisema. Lakini sisi hakuna aliyetukata. Tunaongeza maneno kila muhula.

Nikijumlisha, naona kwamba hoja ya desturi imekufa, hoja ya sura imejibiwa, na hoja ya majeraha ni ya kweli kwa mbwa wachache wa kazi moja, tena kwa ncha tu. Iliyobaki ni namna ya kuizuia hoja hiyo ya wachache isiwe mlango wa wengi, kwa sababu mtoto wa siku tano bado hana kazi. Ana kazi ambayo mwenyewe anasema atampa. Sheria ya Uingereza na Wales ilijaribu kuufunga mlango huo kwa njia ninayoisifu. Mbwa aliyekatwa baada ya sheria kuanza haruhusiwi kuonyeshwa katika maonyesho ambayo watazamaji hulipa kiingilio, isipokuwa anaonyesha uwezo wake wa kazi. Sheria haikuishia kukemea nia ya mtu, iliondoa tuzo. Anayekata kwa ajili ya kazi hapotezi kitu. Anayekata kwa ajili ya uzuri hana pa kuuonyesha.

Sasa namrudia Kojja. Mbwa wetu hawaingii vichakani kuokota ndege. Wanalala kibarazani na kubweka usiku mtu akigusa geti. Mmoja wa wale sita niliowashika, Simba, yuko hapo hadi leo. Si mkali kuliko mbwa wa jirani mwenye mkia wake, na nikifika nyumbani hutikisa kiuno chote, kwa kuwa kigutu hakitoshi.

Kojja, likizo nitakuja. Nitakesha na jike likizaa usiku, na nitashika taa. Siku ya tatu naomba mtu wa wembe asiitwe. Pesa ambazo ungempa tuziweke mpaka watoto watimize umri wa chanjo ya kichaa cha mbwa, twende nao kwa daktari wa mifugo. Huko, ukiniambia nishike vizuri, nitashika.