Upendo, Mapenzi na Chamgei: Lugha ya Pendo la Mungu katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kikristo katika Afrika Mashariki umezoea kuanza na utenzi, wimbo au riwaya. Makala haya yanaanza na msamiati. Yanadhamiria kuonyesha kwamba katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet pendo la Mungu husemwa kwa maneno matatu yasiyolingana, yaani upendo, mapenzi na chamyet, na kwamba mahubiri yanayoyachanganya huweza kumwacha msikilizaji mwenye kiu ya kupendwa bila jibu. Suala hili si la kileksia tu. Linahusu iwapo aliyedhulumiwa anaweza kuamini kwamba anapendwa.

Upendo na mapenzi

Kutokana na kitenzi -penda, Kiswahili kimeunda nomino upendo na mapenzi, na matumizi ya kanisani yamezitenga. Katika Biblia ya tafsiri ya Muungano ya 1952, sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho inasifu upendo, ilhali Sala ya Bwana inatumia mapenzi kwa maana ya matakwa ya Mungu. Nje ya kanisa, mapenzi aghalabu ni yale ya mwanamume na mwanamke. Neno moja, kwa hiyo, hubeba matakwa ya Muumba na matamanio ya mwanadamu.

Kwa kawaida muktadha hutosha kuondoa utata huo. Hata hivyo, ipo hadhira ambayo utata huo hauiondokei. Mnamo Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kericho. Dhuluma ya aina hiyo haikosi kujivika jina la mapenzi. Mwanamke huyo akiambiwa ibadani kwamba yaliyompata ni mapenzi ya Mungu, msimamizi na Mungu huwekwa upande mmoja wa sentensi. Ni kweli kwamba wapo wanaofarijika kwa kuyaweka mateso yao mikononi mwa Mungu, na faraja hiyo haistahili kubezwa. Lakini kumkabidhi Mungu maumivu ni jambo moja, na kumtwisha Mungu tendo la mdhalimu ni jambo jingine. Mahubiri yasiyotofautisha mambo haya mawili yana kasoro ya maudhui, hata fani yake iwe tamu kiasi gani.

Chamgei na mpaka wake

Kikipsigis kimefuata njia nyingine. Salamu ya kila siku, chamgei, imejengwa kwa kitenzi cham, chenye maana ya kupenda, na kiishio gei, kinachorejesha tendo kwa watendaji wenyewe. Jibu lake, chamgei missing, huongeza maana ya 'sana'. Watu wawili wanaokutana njiani hulitaja pendo kabla hawajaulizana habari za mvua au ng'ombe. Katika salamu hii, haja ya kupendwa haichukuliwi kuwa udhaifu. Ni sehemu ya uzima, nayo huulizwa hadharani.

Pendo la kurejeshana, hata hivyo, lina mpaka wake: hukoma pale anapokosekana wa kulirejesha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa jamii nyingine walivamiwa katika mashamba ya chai ya Kericho, na baadhi yao wakauawa. Kambi za mashamba hayo zimewaweka nyumba kwa nyumba Wakipsigis, Wagusii, Wajaluo na Waluhya, na Kiswahili kimekuwa lugha yao ya kukutania. Salamu hailaumiki kwa maovu hayo. Tukio hilo linadhihirisha tu kwamba kupendana kwa walio ndani ya duara hakumlindi aliye nje yake.

Pendo linalotangulia

Hapa ndipo dai la imani ya Kikristo linapojitofautisha. Katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, baba anamkimbilia mwanawe angali mbali, kabla mwana hajatamka ungamo alilolitayarisha. Mwanateolojia wa Sweden, Anders Nygren, alilitenga kabisa pendo hili la kutoa na lile la kuhitaji. C. S. Lewis, katika kitabu chake cha 1960 kuhusu aina nne za pendo, alikataa kulidharau pendo la kuhitaji, kwa kuwa binadamu humwendea Mungu kwanza kwa uhitaji wake. Salamu ya Wakipsigis inaelekea kumuunga mkono Lewis.

Mchuma chai hulipwa kwa kilo za majani mabichi anayoyafikisha kwenye mizani. Hadhira inayoishi kwa mizani huelewa upesi mahubiri yanayolifanya pendo la Mungu kuwa ujira wa utiifu, na wepesi huo ndio hatari yake. Baba wa Luka 15 hapimi kitu.

John Mbiti alibaini kwamba ni nadra Waafrika kulitaja pendo la Mungu kwa maneno. Huliona katika matendo yake. Wakipsigis walimwita Mungu Asis, jina lililofungamana na jua, na waliomba wakielekea mawio. Sura ya 5 ya Mathayo nayo inapoamuru kuwapenda maadui hutoa jua kuwa hoja yake: Mungu huwachomozea waovu na wema. Sitiari ya kulivunja duara la chamgei, basi, haikuhitaji kuletwa na meli. Ilikuwapo katika jina la Mungu lililotangulia misheni.

Matendo nayo yana matini yake. Hospitali ya misheni ya Tenwek, Bomet, ambako daktari Ernest Steury alifika mwaka 1959, ina kaulimbiu isemayo kwamba wahudumu hutibu na Yesu huponya. Vitenzi ni viwili na watendaji ni wawili. Pendo la binadamu linafanya kazi yake bila kujitwalia matokeo, wala halimfanyi Mungu kisingizio cha kutotibu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba upendo, mapenzi na chamyet si visawe. Mhubiri anayezungumza na wachuma chai hana budi kuutenga upendo wa Mungu na mapenzi yanayotajwa kuhalalisha dhuluma, na kuipanua chamyet imfikie asiyeweza kuirejesha. Kwa upande wa uhakiki, kazi inayofuata ni kukusanya sala na shuhuda za wanawake wachuma chai wenyewe, ili ijulikane ni neno lipi kati ya haya wanalolichagua wanaposema kwamba Mungu anawapenda.